Saa Kuukuu Isiyo na Mkanda Wake: Matembezi Katika Ufuo wa Nchelenge

Msafiri atokaye Mansa kwenda kaskazini hufuata bonde la mto Luapula kwa zaidi ya kilomita mia mbili. Mkono wake wa kushoto, ng'ambo ya mto na vinamasi vyake, ni nchi ya Kongo. Mkono wake wa kulia ni vijiji vilivyopangana kando ya barabara pamoja na mashamba ya mihogo. Hupita Mwense, hupita Mwansabombwe yaliko makao ya Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda, na hatimaye maji hutokea mbele yake, mapana kama bahari. Hapo ndipo Nchelenge, mji ulio ukingoni mwa Ziwa Mweru, na karibu yake ni Kashikishi, ambako soko la samaki huwavuta wachuuzi kutoka mbali.

Ziwa Mweru lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 5,000, nalo limelala katika kimo cha zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari. Luapula huliingilia kusini, na Kalungwishi huliingilia mashariki. Maji yake hutokea kaskazini, karibu na mji wa Pweto, kwa mto Luvua, ambao huenda kuungana na Lualaba na mwishowe kuwa sehemu ya mto Kongo. Mpaka wa nchi mbili hupita katikati ya maji. Upande wa Zambia kuna kisiwa kiitwacho Kilwa, na upande wa Kongo kuna mji uitwao Kilwa vilevile. Mswahili wa pwani alisikiapo jina hilo hapa, mbali hivi na bahari, hugeuza shingo kwa mshangao.

Lugha kubwa ya ufuo huu ni Kibemba, lakini Kiswahili nacho husikika. Huletwa na wafanyabiashara wa ng'ambo, na huletwa pia na watu waliokimbia vita. Mnamo Januari 1918 ilikuwa imebaki miezi michache tu vita vya Wazungu vimalizikie katika nchi hizi. Miaka 100 baadaye, Januari 2018, makazi ya wakimbizi ya Mantapala yalifunguliwa katika wilaya hii ya Nchelenge kwa ajili ya raia wa Kongo waliotoroka mapigano ya Katanga. Wengi wao walikuja na vile tu walivyoweza kubeba.

Katika masoko ya Zambia, nguo za mitumba huitwa salaula, neno la Kibemba lenye maana ya kuchagua kwa kupekuapekua. Penye salaula hapakosi vitu vingine vilivyokwisha kutumiwa: miwani, redio, visu vya kukunja, na pengine saa za mkono za miaka ya zamani. Aghalabu saa ya namna hiyo huja uchi, yaani kasha na mashine yake tu, bila ule mkanda wa chuma iliotoka nao kiwandani, ambao wengi huuita cheni. Je, mtu mwenye mshahara wa kadiri anunue saa kama hiyo, au aiache? Swali hilo ni dogo kwa tajiri, lakini si dogo kwa askari mwenye watoto shuleni.

MAJIRA YA ZIWANI

Atokaye Tanzania akavuka Tunduma na kuingia Nakonde, jambo la kwanza limpasalo ni kurudisha saa yake nyuma kwa saa moja, maana majira ya Zambia yako nyuma ya majira ya Afrika ya Mashariki. Kongo ya upande wa Katanga nayo hufuata majira hayo hayo ya Zambia, kwa hiyo fuo zote mbili za Mweru zina saa moja. Tena mgeni huyo aliyezoea kuhesabu saa tangu jua lichomozapo atakuta hesabu nyingine: ile saa moja yake ya asubuhi, hapa huitwa saa saba kwa hesabu ya Kizungu. Saa yenyewe Wabemba huiita inkoloko.

Mtu huweza kudhani kwamba siku hizi za simu za mkononi saa ya mkono imekwisha kazi. Lakini wavuvi wa chisense, wale dagaa wa Mweru, hutoka usiku na taa zao, na simu iliyolowa maji ni mzigo tu. Muuguzi anayehesabu mapigo ya moyo wa mgonjwa huhitaji mshale wa sekunde mbele ya macho yake. Mlinzi wa zamu ya usiku, polisi wa mpakani na askari wa doria hawawezi kuwasha kioo kinachong'aa gizani kila watakapo kujua saa. Kwa watu hao saa ya kutiwa ufunguo, au ijitiayo yenyewe kwa mwendo wa mkono, ingali chombo cha kazi. Haihitaji umeme wala betri.

SAA ILIYOANGUKA MWAKA 1867

Ziwa hili lina hadithi yake ya kweli juu ya saa. Tarehe 8 Novemba 1867 David Livingstone aliliona Mweru kwa mara ya kwanza, na kabla ya mwezi huo kwisha akaingia katika mji wa Kazembe. Humo alimkuta Muhammad bin Salih, mfanyabiashara Mwarabu aliyekuwa amekaa huko kwa miaka mingi. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa amekutana na Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, katika njia hizo hizo za biashara ya pembe.

Livingstone alikuwa na saa maalumu za kupimia. Msafiri wa zamani aliweza kujua amefika wapi, mashariki au magharibi, kwa kulinganisha saa ya mahali alipo, aliyoipata kwa jua na nyota, na saa ya Greenwich iliyokuwa ikitembea ndani ya sanduku lake. Dunia huzunguka digrii moja kwa kila dakika nne. Basi saa ikikosea kwa dakika moja tu, katika latitudo za Mweru kosa hilo huwa kiasi cha kilomita 27 ardhini. Mwanzoni mwa mwaka huo wa 1867 mchukuzi aliyebeba saa hizo alianguka nazo njiani. Ziliendelea kutembea kama kawaida, lakini mwendo wake ulikuwa umebadilika, na vipimo vya longitudo vya Livingstone vikaenda kombo bila ya yeye kujua.

Mnunuzi wa saa kuukuu hana budi kulikumbuka jambo hilo. Saa iliyopata mshtuko huweza kuonekana nzima kabisa kwa nje, ikapiga, na mishale yake ikazunguka, ilhali inadanganya. Uzuri wa nje si ushahidi wa uzima wa ndani, na upungufu wa nje vilevile si ushahidi wa ubovu wa ndani.

Tena saa ya mkono yenyewe ilienea duniani kwa sababu ya askari. Kabla ya vita vya 1914 hadi 1918 wanaume wengi walitia saa mfukoni. Vitani mkono haukuwa na nafasi ya kupekua mfuko, na saa ikahamia kwenye kifundo cha mkono kwa ukanda wa ngozi. Katika sehemu hizi vita hivyo vilimalizikia kaskazini mwa Zambia. Habari ya kusimamishwa kwa vita ilimfikia Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck karibu na mto Chambeshi tarehe 13 Novemba 1918, siku mbili baada ya silaha kuwekwa chini huko Ulaya. Aliweka silaha zake rasmi Abercorn, ndiyo Mbala ya leo, tarehe 25 ya mwezi huo.

"MKANDA WAKE UKO WAPI?"

Achukuliwe kwa mfano askari aliye likizoni, anayepita sokoni pamoja na mkewe. Mfukoni ana fedha za sare za shule, na juu yake kidogo ya kujifurahisha. Juu ya kitambaa cha mchuuzi anaiona saa ya Seiko yenye tarakimu 5 usoni, uso wa buluu, bila mkanda. Anaiinua, anaitikisa, mshale wa sekunde unaanza kukimbia. Moyo wake umekwisha nunua kabla ya mkono kulipa.

"Mzee, hii ni ya zamani, ni ya nguvu," asema mchuuzi. "Za siku hizi si kama hii."

Mke anaichukua, anaigeuza. "Mkanda wake uko wapi, baba?"

"Mama, ilikuja hivi hivi. Mkanda ni kitu kidogo."

"Kama ni kitu kidogo, basi na bei iwe ndogo. Baba watoto, usiharakishe."

Mama huyo amegusa penyewe. Mchuuzi amesema kweli kwamba saa huweza kuishi bila ya mkanda wake, na mke naye amesema kweli kwamba kilichopungua sharti kihesabiwe. Ili mnunuzi asimame baina ya kweli hizo mbili bila kupunjwa wala kupunja, yapasa ajue mambo machache.

JE, ILIKUWA NA MKANDA WA CHUMA?

Si kila saa iliyozaliwa na mkanda wa chuma. Saa nyingi za miaka ya 1940, 1950 na 1960 ziliuzwa na ukanda wa ngozi, na ngozi huchakaa kwa miaka michache, hasa penye jasho na maji. Saa ya namna hiyo kukosa ukanda wake wa kwanza si kasoro hata kidogo, na muuzaji asiyejua hilo hana la kujitetea wala mnunuzi hana la kulalamikia.

Saa za jeshi nazo zina habari yake. Nyingi zilitengenezwa na vijiti vilivyoungwa moja kwa moja kwenye kasha, visivyotoka, hata mkanda wa chuma wa kawaida haungeweza kufungwa. Zilivaliwa na ukanda wa kitambaa au wa nailoni. Mwaka 1973 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilitoa maagizo rasmi ya ukanda wa nailoni wa kijivu kwa ajili ya askari wake, na mtindo huo hata leo huigwa kote duniani. Basi mchuuzi akisema kwamba saa fulani ni ya jeshi na kwamba cheni yake ya asili imepotea, mnunuzi ana haki ya kuuliza maswali zaidi.

Kwa Seiko 5 mambo ni mengine. Saa hiyo ilitolewa na Wajapani mwaka 1963, na tarakimu 5 usoni mwake ilikuwa ahadi ya mambo matano: ijitie ufunguo yenyewe, ioneshe siku na tarehe katika kidirisha kimoja, izuie maji, kifundo chake cha kurekebishia kifichwe pembeni, mahali pa saa nne, na kasha lake pamoja na mkanda viwe vya madini imara. Kumbe mkanda ulikuwa sehemu ya ahadi yenyewe. Seiko 5 isiyo na mkanda wake imepungukiwa nusu ya ahadi ya tano, na bei yake yapasa iseme hivyo.

Umri wake huweza kusomwa mgongoni. Huko nyuma ya kasha kuna namba mbili. Ya kwanza ina tarakimu nne za mashine na nne za kasha. Ya pili ni ya mfululizo: tarakimu yake ya kwanza ni ya mwisho wa mwaka, na ya pili ni ya mwezi, ambapo Oktoba, Novemba na Desemba huandikwa kwa herufi O, N na D. Mashine ya 6119, kwa mfano, ilitengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970. Ikiwa namba ya mfululizo yaanza na 03, saa hiyo ni ya Machi 1970. Hata kidirisha cha siku husema jambo. Saa hizo zilitiwa siku kwa lugha mbili, kufuatana na nchi zilikopelekwa. Inayoonesha siku kwa Kifaransa katika soko la Kashikishi huenda ilivuka ziwa kutoka Kongo, ingawa hiyo ni dalili tu na si hakika.

KUKAGUA KABLA YA KULIPA

Jambo la kwanza ni mashine. Saa itikiswe polepole, isikilizwe sikioni: mlio uwe wa kadiri moja, usiokwamakwama. Kisha ilinganishwe na saa ya redio au simu, iachwe kwa muda wa saa kadhaa, ilinganishwe tena. Saa kuukuu iliyo nzima huweza kupotea kwa sekunde kadhaa hata nusu dakika kwa siku. Ikipotea kwa dakika nyingi, inadai fundi. Muuzaji asiyekubali saa ikae mbele yake hata kwa mchana mmoja, mnunuzi atazamapo, ana analolificha. Wahenga hawakukosea walipoonya juu ya mbuzi auzwaye ndani ya gunia.

Jambo la pili ni masikio, yaani zile ncha nne za kasha zinazoshika mkanda. Hapo ndipo saa isiyo na mkanda hutoa siri yake. Vitundu vya pini vikiwa vimepanuka na kuwa na umbo la yai, mkanda mpya hautashika sawasawa na saa itaanguka siku moja. Ncha zikiwa zimekuwa mviringo na laini mno, kasha limesuguliwa mara nyingi, na chuma kilichosuguliwa hakirudi.

Jambo la tatu ni maji. Maandishi ya kuzuia maji yaliyoko mgongoni yalikuwa kweli siku saa ilipokuwa mpya. Mpira wa ndani huzeeka, hukauka na kupasuka. Saa ipashwe joto juani kwa dakika chache, kisha tone la maji baridi litiwe juu ya kioo. Ukungu ukijitokeza kwa ndani, unyevu umekwisha ingia, na kutu yaja nyuma yake. Saa kuukuu isiogewe wala isitumbukizwe ziwani, kwa vyovyote itakavyoandikwa.

Jambo la nne ni la usalama wa nyumba. Saa nyingi zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1960 kwisha zilipakwa radiamu kwenye mishale na tarakimu ili zing'ae gizani. Rangi hiyo huweza kuacha kung'aa, lakini radiamu yenyewe hudumu zaidi ya miaka elfu. Saa ya namna hiyo isifunguliwe nyumbani, unga wake usikwanguliwe wala kupulizwa, na watoto wasiachiwe kuichezea.

MKANDA WA KUAZIMA NA MKANDA WA UONGO

Mchuuzi aonapo mnunuzi anasitasita, pengine hutoa mkanda wa chuma kutoka kikapuni na kusema, "Huu ndio wake." Hapo yapasa macho yafunguke. Mkanda wa kiwandani aghalabu huwa na alama ya kampuni kwenye bizimu, na vipande vyake vya mwisho vimepindwa vikumbatie kasha bila kuacha mwanya. Kampuni nyingine hupiga na namba katika vipande hivyo. Ukiwa na mwanya, au ukicheza huku na huko, au ukiwa mng'avu kuliko kasha lenyewe, si wake. Mkanda mgeni si kosa, mradi uuzwe kama mgeni. Kosa ni kuulipia kama wa asili. Heri saa uchi iliyo ya kweli kuliko saa iliyovikwa uongo.

Ijulikane pia kwamba kwa saa fulani za bei kubwa mikanda ya asili hutafutwa na wakusanyaji, na huuzwa peke yake kwa fedha nyingi. Huenda saa ilivuliwa mkanda wake kwa makusudi ili muuzaji apate mara mbili. Hilo halina dhambi, ila mnunuzi asilipe bei ya vitu viwili kwa kitu kimoja.

Hesabu iende hivi, kwa mfano tu. Saa ya namna ile ikiwa nzima pamoja na mkanda wake ingeuzwa kwacha 600. Ukanda mpya wa kawaida utagharimu 60. Fundi wa kuifungua, kuisafisha na kuitia mafuta atataka 150. Basi zinabaki 390, nayo ndiyo bei ya juu kabisa, tena kabla ya kupunguza kitu kwa ajili ya mkanda wa asili ambao pengine hautapatikana tena. Anayelipa 600 kwa saa uchi amenunua mkanda asio nao. Na anayetumia akiba yake yote kuutafuta mkanda wa asili, akaiacha mashine ikauke mafuta, amevika nguo maiti. Fedha ya kwanza baada ya kununua iende kwa fundi.

UKANDA UFAAO ZIWANI

Kabla ya kununua ukanda, nafasi baina ya masikio ipimwe kwa rula. Nyingi huwa milimita 18 au 20, lakini Seiko kadhaa zina 19. Ukanda wa 18 utacheza, wa 20 utajikunja pembezoni; heri kusubiri ulio sawa.

Kwa mtu wa nchi kavu, ngozi yafaa. Kwa mtu wa Mweru, ngozi huoza upesi. Mkanda wa chuma nao hupendeza, lakini umeshikwa na pini mbili nyembamba, na pini moja ikikatika mtumbwini, saa hutumbukia na haitaonekana tena. Ukanda wa nailoni wa mtindo wa jeshi ni kipande kimoja kirefu kinachopita nyuma ya kasha na chini ya pini zote mbili. Pini moja ikivunjika, ya pili huishika saa mkononi. Hukauka haraka, huoshwa kwa sabuni, na bei yake ni ndogo. Basi kwa mvuvi, mwendesha mashua na askari wa doria ya ziwani, kukosekana kwa cheni ya asili huenda kukawa ndiko kutakakoiokoa saa.

SAA NI YA NANI?

Limebaki jambo moja zito kuliko chuma na ngozi. Uvuvi katika Mweru hufungwa kila mwaka tangu mwanzo wa Desemba hadi mwisho wa Februari, ili samaki wazaane. Katika miezi hiyo fedha hupungua majumbani, na kitu kilichonunuliwa wakati wa neema huweza kuletwa sokoni wakati wa shida. Mtu aliyekimbia vita naye huweza kuuza kitu cha mwisho cha baba yake ili apate unga. Kumpunja mtu wa namna hiyo kwa kisingizio cha mkanda ni aibu kwa mwenye sare na kwa asiye na sare. Bei ipunguzwe kwa kadiri ya upungufu, isipunguzwe kwa kadiri ya njaa ya muuzaji.

Kwa upande mwingine, saa hubebeka na huibika kwa urahisi. Mgongoni pakiwa pamechorwa jina la mtu na miaka ya utumishi, hiyo ni zawadi ya kazi, na yafaa kuulizwa ilitokaje mkononi mwa mwenyewe. Pakiwa na alama ya mshale mpana na namba za jeshi, iliwahi kuwa mali ya serikali ya Uingereza. Nyingi za aina hiyo ziliuzwa kihalali baada ya kuondolewa kazini, lakini swali lingali swali jema. Mnunuzi aandike karatasi yenye jina la muuzaji, namba za mgongoni, bei na tarehe, na shahidi mmoja atie sahihi. Karatasi hiyo yafaa hata mpakani, forodha inapouliza. Polisi akikutwa na mali ya wizi mkononi mwake, atapata taabu kubwa ya kueleza kwamba alikuwa mnunuzi tu.

Saa ikishafika nyumbani, itunzwe. Ikiwa ya tarehe, tarehe isigeuzwe kwa mkono baina ya saa tatu na saa tisa za usiku, maana wakati huo meno ya ndani yameshikana na huweza kuvunjika. Ifutwe jasho kila jioni. Ifunguliwe na fundi kila baada ya miaka michache, wala isingojewe mpaka isimame. Tangu saa za mkono za quartz zilipotokea mwishoni mwa mwaka 1969, viwanda vingi vya saa za zamani vilifungwa, na vipuri vyake hupungua mwaka hata mwaka. Fundi mzuri akipatikana, jina lake na mahali pake viandikwe nyuma ya ile karatasi ya ununuzi.

Na yule askari wa mfano wetu afanye nini? Sare za shule kwanza. Zikibaki fedha, na saa ikishinda mtihani wa mchana mmoja juu ya kitambaa cha mchuuzi, ainunue kwa bei ya saa isiyo na mkanda, apite kwa fundi, kisha aivae kwa ukanda wa nailoni bila haya. Zisipobaki, aiache pale pale. Ziwa litakuwapo mwaka ujao, na likifunguliwa tena mwezi wa Machi, wavuvi watapata, wachuuzi watarudi, na saa nyingine italetwa sokoni.